Mdomo Usiotoa Mvuke

Nyeri,
30 Mei 1994

Mpendwa Wakiuru,

Salamu kutoka Nyeri, ambako baridi imeanza kuuma kabla ya wakati wake. Usinihurumie lakini. Niko na chumba kizuri nyuma ya dispensari, muuguzi hodari anayeitwa Watiri, na mlinzi mzee, Mutahi, anayenifundisha Kikuyu na kunicheka kila ninapokitamka Kimeru.

Nakuandikia kwa mambo mawili. La kwanza ni la kazi yako. Tangu mwezi huu uanze naletewa watu walioishiwa damu. Si malaria, nimepima. Si minyoo. Ni watu wazima, wachuma kahawa wenye nguvu zao, lakini wanaamka asubuhi hawawezi kusimama. Jana nilimkagua mama mmoja nikaona chini ya kwapa vidonda viwili vidogo vilivyokwisha kufunga. Nikaketi chini.

Nilikumbuka Mwea, siku ulipoletwa kwangu mkono umepasuka kuanzia bega hadi kiwiko. Ulikuwa umetoka kwenye stoo ya kinu cha mpunga. Nilipouliza ni mnyama gani, ukaniambia bila kupepesa jicho kwamba ni mnyonya damu, na kwamba yeye ndiye aliyeumia zaidi. Nilikushona nikidhani umechanganyikiwa. Kesho yake nikaenda kwenye ile stoo mwenyewe, nikaona kilichobaki, na tangu hapo sijakucheka. Niambie nifanye nini.

La pili unalijua. Nilipohamishwa nilikuuliza kama utakubali nikuoe, ukasema nisubiri. Ninasubiri. Ila nyumba ya mtu mmoja ina kimya kingi, Wakiuru, na wewe barua zako ni fupi.

Wako,
Mwendwa


Kianyaga,
8 Juni 1994

Mpendwa Mwendwa,

Barua hii nitairefusha ili usipate la kusema.

Una mnyonya damu, mmoja tu, kwa maana wangekuwa wawili mngekuwa mmeshazika. Siku za kawaida hawa watu hulala mchana mahali penye giza na ubaridi, na sisi huwafuata saa sita, jua likiwa utosini. Ndiyo sababu mimi hurudi nyumbani mapema kuliko wachuma chai wenzangu na bado wanasema sina kazi. Lakini Nyeri ya Juni na Julai ni balaa. Jua halitoki. Ukungu ukishashuka, mnyonya damu anatembea mchana kama wewe, ananunua sukari, anaenda kanisani.

Kuna njia ya kumjua. Hasikii baridi, na ndani yake hakuna joto. Asubuhi watu wote hapo wanapoongea, midomo yao inatoa mvuke. Wake hautoi. Simama mlangoni, wasalimie wanaopanga foleni, angalia midomo. Ukimpata, usimwambie kitu. Niandikie, nitakuja na kigingi changu cha mutamaiyo, ule mzeituni wa mwituni.

Na kuhusu kusubiri. Shangazi yangu, Tata Ngendo, amezeeka, sasa anaishi na binti yake huko Mwea. Katika nyumba yetu nimebaki mimi. Wanawake wa kwetu wameifanya kazi hii tangu kabla ya barabara kufika hapa, na sijawahi kuificha, hata akina mama wa kanisa wanaponyamaza nikipita. Nilisema usubiri kwa sababu nataka ujue unaoa nini. Mke wako atatoka nyumbani siku moja akiwa na kigingi na huenda asirudi. Nataka ulifikirie hilo ukiwa mbali nami, si ukiwa umenishika mkono.

Vaa sweta.

Wako,
Wakiuru


Nyeri,
20 Juni 1994

Mpendwa Wakiuru,

Nimefanya ulivyoniagiza. Kila asubuhi nasimama mlangoni kama bawabu nikisalimia watu, mpaka Watiri ameniuliza kama nataka kugombea udiwani. Midomo yote inatoa mvuke. Labda aliyekuwepo amehama, maana wiki hii nimepata mgonjwa mmoja tu.

Tumepata rafiki hapa. Anaitwa Magdaline, mjane kutoka Nairobi, amekodi ile nyumba ya mawe ya mzungu ng'ambo ya mto. Hutuletea chai kwa chupa kubwa kila jioni kunapoanza kupoa, na yeye mwenyewe hata hanywi. Ana sauti nzuri, kwaya yote imemtamani. Mutahi anasema hajaona mwanamke asiyejali baridi namna ile, anavuka mto kwa gauni jepesi sisi tukitetemeka ndani ya makoti. Nilimwambia juu yako. Anapenda kunisikiliza.

Umeniambia nifikirie. Nafikiri. Lakini mtu anaweza kufikiri mpaka akachoka.

Mwendwa


Kianyaga,
27 Juni 1994

Mwendwa,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili.

Huyo Magdaline umewahi kumwona asubuhi, mlangoni, wakati midomo inatoa mvuke? Au huwa unamwona jioni tu, ndani, karibu na jiko la makaa? Ulisema hajali baridi. Ulisema hanywi chai anayowaletea. Mambo hayo umeyaandika kwa mkono wako, mimi sijayatunga.

Najua litakalokujia akilini. Utasema nina wivu. Ninao, sitakudanganya. Nilipofika pale kwenye sauti yake nzuri nilitaka kuichana hiyo karatasi. Kisha nikaketi nikajiuliza kama ninayeandika ni mwanamke aliyeumizwa au ni mwindaji. Wote wawili wameniambia neno moja. Usikae naye peke yako.

Wakiuru


Nyeri,
5 Julai 1994

Wakiuru,

Ulinifundisha kuangalia midomo ya watu na sasa huoni tena watu, unaona midomo tu. Magdaline amezika mume. Anasali. Amewapa wagonjwa wangu blanketi. Na kwa sababu ananijali kuliko mtu anayeniandikia amri kutoka Kianyaga, basi lazima awe mnyonya damu.

Wewe uliniambia nisubiri. Yeye hajaniambia nisubiri chochote.

Usije Nyeri. Nimechoka tu, kazi ni nyingi na baridi imeniingia mifupani. Nikipata nguvu nitakuandikia vizuri zaidi.

Mwendwa


Nyeri,
9 Julai 1994

Kwa Wakiuru,

Hunijui. Mimi ni Watiri, muuguzi anayefanya kazi na Daktari Mwendwa. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha. Unisamehe.

Daktari si mzima. Amekonda, uso umekuwa wa kijivu, na mkono wake wa kushoto anauinua kwa shida. Nilipotaka kumwangalia kwapani alinifokea, na sijawahi kumsikia akimfokea mtu. Mutahi, mlinzi wetu, alikutwa amekufa Jumatano kando ya kijia cha mtoni. Polisi walisema ni moyo. Mimi ndiye niliyemwosha. Hakuwa na damu ya kutosha kulowesha pamba.

Huyo mama wa nyumba ya mawe anakuja kila siku. Jana alikuja mapema, kukiwa na ukungu mzito, nikampokea mlangoni. Daktari alikuwa ametueleza sote habari za mvuke kwa mzaha. Dada, niliongea naye uso kwa uso. Mvuke ulikuwa wangu peke yangu.

Mimi ni mtu wa kanisa na sijui nakuomba nini. Njoo.

Watiri


Kianyaga,
12 Julai 1994

Dada Watiri,

Umefanya kazi ya kiume na ya kike kwa pamoja. Barua hii naituma na dereva wa kwetu akupe mkononi.

Mlaze Mwendwa wodini pamoja na wagonjwa wengine, hata kama ni kwa nguvu. Asiachwe peke yake, na asinywe chai ya mtu. Nitakuwa hapo Alhamisi asubuhi. Huyo mama akija kabla yangu, mpokee kwa adabu.

Wakiuru


Nyeri,
17 Julai 1994

Tata Ngendo,

Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu wa sokoni. Niko hai. Nimevunjika mfupa wa bega na shingo imefungwa bandeji, lakini niko hai, na yeye hayuko.

Nilifika Nyeri Alhamisi. Tata, hujawahi kuona ukungu kama ule. Ukinyoosha mkono huoni vidole. Nilijua toka kwenye gari kwamba siku hiyo jua halitanisaidia. Watiri alikuwa amemlaza Mwendwa kati ya wazee wawili waliokuwa na kikohozi. Alinitazama akageuza uso ukutani. Nilimfunika blanketi nikatoka nje kungoja.

Magdaline alikuja foleni ikiwa imejaa, amebeba chupa yake ya chai. Ni mzuri, nisiseme uongo. Gauni jembamba, mikono wazi, na watu wote wamejikunyata ndani ya masweta. Nilimwendea nikampa mkono. Nikamsalimia kwa sauti ili watu wasikie, naye akanijibu, na mvuke ukawa unatoka kwangu tu. Mama mmoja kwenye foleni aliona, akamvuta binti yake nyuma.

Magdaline hakushtuka. Alicheka polepole.

"Wewe ndiye wa Kianyaga," aliniambia. "Barua zako amenisomea zote. Unaandika vizuri. Lakini leo hakuna jua, na bila jua wewe ni mchuma chai tu."

Tata, pale ndipo palipouma. Kwamba nilimwandikia mtu mmoja na wamesoma wawili. Lakini nilikumbuka ulichoniambia nikiwa msichana, kwamba mtu akikutukana kazi yako mwonyeshe kazi. Nikamjibu, "Mchuma chai ana mikono. Twende mbali na watu."

Alikubali kwa sababu alijiamini. Tuliingia kwenye mibuni iliyo chini ya dispensari, na mara tu tulipopotea kwenye ukungu alinirusha. Ana nguvu za watu watano. Nilianguka kwenye shina la mbuni nikasikia bega likivunjika. Nikainuka. Akanirusha tena. Kigingi kilikuwa ndani ya sweta, upande wa mkono mzima, na kila nilipojaribu kukitoa alikuwa ameshafika. Ulinifundisha kuwaua wakiwa wamelala, Tata. Hukunifundisha kumwua aliye macho, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyewahi kufanya.

Nikiwa nimelala kwenye majani yenye umande nilimtazama. Alikuwa amejichana mguu kwenye tawi lililokatwa, jeraha refu, na hakujua. Hakuangalia hata chini. Ndipo nikaelewa. Asiyesikia baridi hasikii pia kitu kinachomgusa.

Basi sikuinuka. Nilimwacha aje. Alinikandamiza kifuani kwa magoti, akanishika nywele, akaniuma shingoni, nami sikupigana naye. Nilikitoa kigingi taratibu kati yetu, ncha nikaiweka chini ya mbavu zake, nikaanza kusukuma. Taratibu sana, Tata, kama unavyoingiza kijiti kwenye udongo mbichi. Yeye alikuwa anakunywa. Mimi nilikuwa naishiwa nguvu na kuona ukungu ukiwa mweusi, lakini mkono wangu haukuacha kusukuma. Alikuja kujua kilipofika moyoni. Aliinua kichwa, akanitazama kwa mshangao, na nikamwambia jina langu na jina lako na la mama yako, ili ajue ni nyumba gani iliyomwua.

Alinyauka akiwa juu yangu. Nilibaki na gauni.

Watu wa foleni ndio walionikuta, kwa maana Watiri alikuwa ameingia kwenye mibuni akiniita. Yule mama aliyemvuta binti yake alivua shuka yake akanifunika, kisha wanaume wakanibeba. Watiri ananiambia kwamba saa ile ile Mwendwa alipiga yowe wodini, akaketi, akaomba uji. Wengine wote waliokuwa hawana damu wameanza kupata rangi.

Watu wa hapa wanataka nikae mpaka nipone. Mwendwa amehamishwa kwao Nkubu akatunzwe na mama yake, na alinitumia watu wawili kuniomba nimwone kabla hajaondoka. Sikwenda. Nilimtoa kwa mnyonya damu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mengine siyajui bado.

Nitakuja Mwea bega likishika. Unipikie wali.

Mwanao,
Wakiuru


Nkubu, Meru,
28 Agosti 1994

Mpendwa Wakiuru,

Sasa ninaweza kutembea hadi shambani na kurudi. Nimeandika barua hii nikaichana mara kadhaa, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Uliniandikia mimi, nikamsomea mwingine. Alikuwa anauliza juu yako kila jioni na nikadhani ni kwa sababu ananipenda. Alikuwa anakupima wewe. Ungekufa kwa sababu ya ulimi wangu. Sikuombi usahau.

Watiri ameniandikia yote. Hapa kwetu jina lako linatajwa na watu ambao hawajawahi kufika Kianyaga.

Nimemwambia mama yangu, Karambu, kwamba nataka kukuoa, kama bado utanisikiliza. Mama alilia, akasema aliyemrudishia mwanawe atakuwa binti yake. Ana neno moja tu. Anaomba ukishaolewa uiache hiyo kazi. Anasema ameshaona kilichonipata mimi na hataki kuzika mkwe. Nami, Wakiuru, nikikumbuka shingo yako, siwezi kumwambia amekosea.

Wako, ukikubali,
Mwendwa


Kianyaga,
5 Septemba 1994

Mwendwa,

Nimekusamehe. Nilikusamehe kwenye mibuni, kabla hata ya kuinuka, ila sikutaka ujue mapema.

Mwambie mama Karambu kwamba namheshimu, na kwamba machozi yake nimeyapokea. Kisha umwambie hapana.

Jana nilikuwa kanisani. Wale akina mama waliokuwa wananyamaza nikipita walisogea kwenye benchi nikapata nafasi katikati. Niliketi pale nimenyoosha mgongo kama mtu aliyejengewa nyumba. Hiyo nafasi sikuipata kwa kuacha kazi. Nyanya zangu hawakuipata kabisa, na kazi waliifanya vilevile.

Siwezi kukupa nusu ya mtu. Ukija kwetu na wazee wako, njoo ukijua kwamba unaoa mwindaji. Kama huwezi, kaa Nkubu, upone vizuri, na nitakutakia mema bila kinyongo. Nakupenda. Hilo sikuwahi kuliandika na nimeliandika sasa ili usije ukasema niliamua kwa sababu sikupendi.

Wakiuru


Kianyaga,
26 Septemba 1994

Dada Watiri,

Uliniambia nikuandikie jinsi mambo yalivyokwenda, na nakuandikia nikiwa bado huku, kwenye meza ya Wakiuru, wino ni wake.

Barua yake ilipofika Nkubu niliisoma peke yangu, kisha nikaenda kumwambia mama kwamba Wakiuru amekataa, na kwamba mimi niko upande wake. Mama alikaa siku nzima bila kunisemesha. Kesho yake akaniuliza tunaenda lini. Hakuniambia amekubali. Aliuliza tu tunaenda lini.

Tulifika Jumamosi, mimi, mama na wajomba zangu. Upande wao alikuwepo Tata Ngendo, mwanamke mwenye mwili mdogo na macho makali, akawa ndiye mkuu wa mazungumzo. Walianza vizuri. Wakiuru alikuwa amevaa gauni la kijani, shingo wazi, kovu linaonekana na hakulifunika. Mjomba wangu mkubwa, ambaye hapendi mambo ya kuzunguka, akauliza binti anafanya kazi gani. Nilijua anajua. Alitaka kuona kama tutaficha. Nikasimama nikasema, "Anawinda wanyonya damu. Ndiye aliyeniokoa mimi." Nikaona mama anatazama mikono yake.

Na kabla mtu hajanijibu, mwanamume mmoja akaingia uani anahema, ametoka upande wa Kerugoya kwa baiskeli. Mkewe hakuamka vizuri, na majirani wawili pia. Alikuwa amesikia kwamba kuna mtu Kianyaga. Aliongea akiwa amevua kofia, na jua lilikuwa kali, saa nne hivi.

Wakiuru hakuinuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona akisita. Alimtazama Tata Ngendo, akanitazama mimi, kisha akamtazama mama yangu, na akabaki ameketi na mikono juu ya magoti.

Mama ndiye aliyesimama, Watiri. Karambu wangu, aliyelia akiomba kazi hii iachwe. Alivua shali yake, akamfunga Wakiuru shingoni, akaikaza vizuri juu ya lile kovu. Kisha akawageukia wazee wote, wa kwao na wa kwetu, akasema, "Mazungumzo yatangoja. Mkwe wangu ana kazi."

Sijui kuandika nilivyojisikia. Wajomba wangu walisimama, mmoja mmoja, mpaka uwanja mzima ukawa umesimama, na Wakiuru akapita katikati yao na kigingi chake akiwa na gauni lile lile la kijani. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Aliniambia nirudi nikae na wageni.

Tuliketi. Chakula kilipikwa, hakikuliwa. Tata Ngendo na mama walikaa benchi moja, mmoja haelewi Kimeru na mwingine haelewi Kikuyu, wameshikana mikono kama wasichana. Jua likapita utosini, likaanza kuinama upande wa milima.

Alirudi kwa miguu, shali imejaa vumbi, hana hata mchubuko. Alinawa pale kwenye pipa, mikono mpaka viwikoni, akaja akaketi karibu na mama, akauliza mazungumzo yalikuwa yamefikia wapi.

Ndugu yako,
Mwendwa